Mtu Asiyeweza Kukataa

Ukiwauliza watu wa nyuma ya soko la Maua habari za Mzee Mwongera, watakwambia ni mtu asiye na makelele, kisha watakuonya usimpe sababu ya kuongea. Onyo hilo hutolewa kwa kicheko, lakini anayecheka hugeuka kwanza kuona kama mzee yuko karibu. Ukoo wake unajulikana kote Igembe, upande huu wa Meru, kwa ulimi. Babu yake aliwahi kumwambia jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, "Ulichonyakua kikushike," akaondoka zake. Jirani yule aliishi akazeeka, ila hakutoka tena nje ya boma lake. Kila alipofika mlangoni miguu yake ilikuwa mizito kama imepandwa.

Mwongera mwenyewe hapendi kusimulia habari hiyo. Yeye ni Mmethodisti, hupanga viti kanisani kila Jumamosi, na kazi yake ni kutunza pampu ya kisima kirefu kilicho chini ya mji, kule ardhi inakoanza kukauka kuelekea mbuga ya wanyama. Huwasha mtambo, huwafungulia akina mama mfereji, hufunga, hurudi nyumbani. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye koti moja la kijivu la mvua na jua. Mkewe Ruguru, mzaliwa wa Embu, husema aliolewa na nguzo ya simu, na hata nguzo ya simu ukiiwekea sikio utasikia kitu.

Kisima hicho ndicho kilichompa ndugu. Wachimbaji walipokuja na mtambo wao, fundi mkuu alikuwa Mzungu mfupi mwenye kifua kipana, jina lake Adrian, mtu wa Ukraine. Alikuwa amechimba visima kote Afrika Mashariki, na Kiswahili chake kilichechemea lakini kilifika kilikokwenda. Mwongera alikuwa kibarua wa kupokeza mabomba. Adrian alimfundisha kuweka sikio kwenye bomba la chuma lililozama ardhini na kusikiliza: jiwe lina sauti yake, mchanga una yake, maji yana yake. Siku moja waya wa mtambo ulikatika, ukamchana Adrian paja, damu ikamwagika ovyo. Hospitalini ikatafutwa damu ya kundi lake, ikakosekana, mpaka walipompima yule kibarua aliyembeba. Wakamlaza Mwongera kitanda cha pili, wakamtoa damu.

Wazee wa ukoo waliposikia, hawakulichukulia kuwa jambo la hospitali. Wameru wana undugu wa kiapo uitwao gichiaro. Mara nyingi huwa kati ya ukoo na ukoo, na zamani ulikuwa ngao ya wanyonge: wachache wakivamiwa, ndugu zao wa gichiaro hawakuuliza watapata faida gani, walichukua mikuki wakaja. Ndugu wa gichiaro hanyimwi anachoomba. Hadhuriwi. Hadanganywi, hata kwa mzaha. Anayevunja hapelekwi kwa polisi wala kwa chifu. Huachwa tu, na jambo lake humjia lenyewe.

"Damu imeshaingia mwilini," wazee walisema. "Sisi tufanye nini tena? Tuwalishe tu."

Wakachinja mbuzi, wakawalisha wawili hao kutoka mkono mmoja, na Adrian akaambiwa masharti polepole, moja moja, akayarudia. Alipomaliza alimtazama Mwongera kwa muda mrefu. "Mimi naogopa hii kitu," akasema. "Ni mzuri sana." Kisima kilipotoa maji, akarudi kwao. Wakawa wanasalimiana kwa simu kila mwaka mpya, basi.

Halafu vita vikaingia Ukraine, na redio ikawa inaitaja katika kila taarifa ya habari.

Karibu na steji ya pikapu za miraa kuna kibanda cha Wambeti, mjane kutoka Kiambere anayepika chai na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage. Pale vita hivyo vilipiganwa upya kila asubuhi.

"Nchi tajiri zinamwaga silaha huko kama maji ya mfereji," alisema Kinoti, dalali wa miraa, "na sisi huku mbolea inapanda bei. Vita si vyao. Wanaingilia nini?"

"Mtu akivunjiwa mlango, jirani mwenye panga alale?"

Watu waligeuka. Aliyeuliza alikuwa Mwongera, na hakuna aliyewahi kumsikia akiingia katika mjadala ule.

"Nchi ndogo ikivamiwa," akaendelea, sauti yake ya chini ikijaza kibanda, "mwenye nguvu akikaa kimya amekula sahani moja na mwizi."

"Eeh! Nguzo ya simu imeongea!" Kinoti akapiga meza. "Haya, mzee, sasa wewe utawapelekea nini? Bunda la miraa wakeshe nalo?"

Kicheko kikalipuka hadi barabarani. Wambeti peke yake hakucheka. "Kinoti, kunywa chai yako," akasema. "Hapa kuna wenye watoto nchi za watu." Mwanawe wa pekee, Mugambi, mtu mzima aliyekuwa dereva wa pikapu, alikuwa ameaga kwamba anaenda Dubai kuendesha malori. Simu zake zilipungua, kisha zikakoma.

Baada ya siku hiyo ndipo kisima kilipoanza mambo yake. Mwongera alikuwa amezima mtambo, akaweka sikio kwenye bomba kama alivyofundishwa, asikilize maji yakitulia. Akasikia mdundo. Kimya. Midundo miwili. Ilikuwa kama wanawake wanaotwanga kinu, mbali sana, chini sana. Akadhani ni moyo wake. Akajishika kifua, ukawa unakwenda mwendo mwingine kabisa. Akina mama walipofika na mitungi, aliwaambia nao wasikilize. Walisikiliza kwa adabu, wakasema ni chuma tu.

Lakini maji yalitoka vuguvugu, na yalinuka kama ukucha uliochomwa.

"Mzee, leo umetuchemshia?" mama mmoja akauliza, na wenzake wakacheka. Walikinga hayo hayo, ila hakuna aliyeyaonja.

Mwongera alisikiliza kila siku. Midundo ilikuwepo kila siku, na hakumwambia mtu tena. Alikumbuka kwamba Adrian alipenda kusema kuwa miezi ya joto ikifika, saa ya kwao na saa ya Maua huenda sambamba. Sasa ilikuwa miezi hiyo. Saa aliyosikiliza yeye, kule nako ilikuwa saa hiyo hiyo.

Ujumbe ulimkuta akifunga kufuli ya mfereji. Ulikuwa wa sauti.

"Ndugu Mwongera. Ni mimi Adrian. Bado naishi. Kijiji yangu nusu iko, nusu hakuna. Mimi niko handaki, karibu na nyumba ya mama yangu." Alikohoa. "Sisi hapa tunaomba. Kila siku tunaomba. Wakubwa wanatoa, asante, wanatoa kweli, bila wao tumekwisha. Lakini wanatoa kidogo, halafu wanakaa mkutano, halafu wanasema ngoja. Na kufa hakuna ngoja, mtu anakufa kabisa. Nimechoka kuomba mtu mwenye kuchagua. Nikakumbuka, mimi niko na mtu moja hawezi kukataa."

Hapo akanyamaza kidogo. Nyuma ya kimya chake kulikuwa na mdundo. Kimya. Midundo miwili.

"Babu yako alisema neno, mtu hakutoka nyumbani. Wewe uliniambia, tulikuwa tunakula. Sema hiyo neno kwa watu wameingia kwetu. Naomba. Kwa gichiaro naomba."

Mwongera aliketi juu ya jiwe la kisima mpaka jua likamfikia miguuni. Kisha akaenda kumtafuta Hared.

Hared alizaliwa Somalia na kukulia Maua, na pikapu zake ndizo zinazobeba miraa ya nusu ya mtaa ule. Ndiye aliyekuwa tajiri wa Mugambi. Mwongera alimkuta kwenye ghala lake akiwasimamia wafungaji waliokuwa wakiviringisha miraa kwa majani ya mgomba. Akamwita kando, akampa ile sauti aisikilize.

Hared aliisikiliza mara mbili. "Mzee," akasema, "kwetu walikuja wengi kusaidia. Wengine walisaidia. Unga wao nimekula. Bila huo unga hungekuwa unaongea na mtu hapa. Wengine mkono mmoja ulitoa na wa pili ukapapasa mfuko wangu. Sisi tuliwatukana wote pamoja, hatukuwa na wakati wa kuchambua."

"Kwa hiyo wasingekuja?"

"Subiri nimalize. Unajua kilichotisha? Ule wakati hakuna aliyekuja. Barabara iko kimya, na unajua dunia imekuona na imegeuza uso. Huo ukimya bado nausikia."

"Basi niseme neno."

"Hapo sijafika." Hared alimrudishia simu kama mtu anayerudisha kaa la moto. "Sisi tunasema dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Lakini aliyedhulumiwa ni yeye. Wewe umeazimwa kidonda. Mwenye kidonda anajua kinapouma. Wewe utapiga popote."

"Nikikataa nimevunja gichiaro."

"Basi una mlango mmoja tu, mzee wangu. Pole sana."

Nyumbani, Ruguru alikuwa akimenya ndizi. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Huo si ni uchawi, Baba Makena?"

"Ni neno."

"Mahubiri pia ni neno, na hayajamfanya mtu chochote." Kisha kisu chake kikasimama. "Na utamtaja nani? Wale watu humjui hata mmoja."

"Hatutaji mtu. Tunataja kosa. Kosa linamtafuta mwenyewe."

Ndivyo ukoo wake ulivyofanya tangu zamani, na waliona ni njia ya haki. Mwenye kutaja jina anaweza kuongozwa na chuki. Mwenye kutaja kosa hana wa kumchukia. Mwongera aliamini hivyo kama alivyoamini kwamba maji hushuka. Ruguru alirudi kwenye ndizi zake. Zilipoiva, hakula.

Kulipopambazuka Mwongera alikwenda kisimani na majivu ya jikoni katika kiganja. Midundo ilikuwa mikali kuliko siku zote; bomba lilitetemeka chini ya mkono wake. Akapuliza majivu, akainama, akasema ndani ya chuma kwa Kimeru, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Kila aliyeingia nchi ya ndugu yangu na silaha mkononi, ardhi aliyoikanyaga imjue. Akilala asipate usingizi. Akila asishibe. Ardhi imwite kwa jina lake, isimwache, mpaka arudi."

Sauti ilishuka. Alingoja irudi kama zinavyorudi sauti zote zinazoangukia kisimani. Haikurudi. Midundo ikakoma, yote, kwa ghafla, kama mtu aliyeambiwa nyamaza. Mwongera alipoinuka alimkuta mama mmoja amesimama na mtungi wake njiani, amewahi kuliko wenzake, ameziba mdomo kwa leso.

Kabla ya chai ya saa nne Maua yote ilikuwa inajua. Kinoti alimpisha kitini bila mzaha wowote, na hilo lilimsumbua Mwongera kuliko matusi.

Yaliyofuata yalikuwa madogo. Jumapili ile, wakati wa wimbo, Ruguru alimgusa kiwiko. "Mbona huimbi?"

"Naimba," Mwongera alisema, na ni kweli midomo yake ilikuwa inaimba. Lakini sauti ilitoka nyembamba, ya mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Hakuwa na mafua. Koo halikumuuma. Siku baada ya siku ikapungua. Wateja wa kibanda wakawa wanamwinamia ili wamsikie akiagiza chai.

"Sauti umeipeleka wapi?" Ruguru akamuuliza, akimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ile.

Mwongera alivaa koti lake, akatoka. Alikuwa na wazo, na hakutaka kulitamka. Kisimani, alipoweka sikio, midundo haikuwepo tena. Kulikuwa na mtu anayeongea. Alikuwa mbali mno, maneno hayakueleweka, lakini yalikuwa yanatembea. Leo yalitoka upande huu wa bomba, kesho upande mwingine, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba akibisha hodi.

Wambeti alimfuata huko huko kisimani. Alikuja bila mtungi, na vazi lake la jikoni bado kiunoni.

"Ulisema nini hapa, Baba Makena? Nipe maneno yote. Usiruke hata moja."

Akampa. Alilazimika kuyasema karibu na sikio lake. Alipofika mwisho, Wambeti aliketi chini kwenye tope la mfereji.

"Mugambi amepiga simu," akasema. "Dubai hakukaa. Wakala alimwambia kazi nzuri ya dereva iko Urusi. Akapelekwa, akatia sahihi makaratasi ya lugha asiyoijua, na walipomshusha kwenye gari akapewa nguo za jeshi. Yuko handakini. Ana bunduki. Yuko nchi ya ndugu yako, Mzee."

Mwongera alimwinamia tena sikioni. "Alidanganywa."

"Na ardhi inajua kwamba alidanganywa?"

Swali hilo hata babu yake hakuulizwa. Walikuwa wametaja kosa vizazi vyote hivyo, na katika vijiji vyao vidogo kosa na mtu vilikaa nyumba moja. Ilikuwa haijawahi kutokea kosa liwe la mtu mmoja na miguu ya kulikanyagia iwe ya mtu mwingine.

"Lirudishe," Wambeti akasema.

"Si langu tena. Nimempa aliyeniomba. Yeye ndiye anaweza kulirudisha."

"Basi mwombe. Si mnasemaga hamnyimani?"

Akamtumia Adrian sauti, akiweka simu midomoni kabisa. Alimweleza yote: mama mjane, mwana wa pekee, wakala. Akamwomba aliachilie neno. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, na walilisikiliza pamoja, yeye na Wambeti, vichwa vyao vikikaribiana.

"Ndugu. Nimesikia. Pole kwa huyo mama. Lakini wewe uliomba nirudishe, na hii neno si yangu peke yangu. Hapa tuko wengi, na tangu ile asubuhi watu wao hawaji mbele. Wanakaa tu macho wazi. Mama yangu amelala usingizi, mara ya kwanza. Nimwamshe? Wakubwa wakinipa bunduki, mimi siulizi risasi inaenda kwa mtoto wa nani. Nikiuliza nakufa. Hiyo ndiyo vita, mimi sikuileta." Alivuta pumzi. "Najua nakunyima. Najua sheria. Jambo langu likija, nitalipokea. Kama ungekuja wewe, hata na bunduki begani, ningefungua mlango. Lakini huyo si wewe."

Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Mwongera akawa anashinda kibandani kwa Wambeti. Hakuna aliyemwita, alikwenda tu akakaa kwenye benchi la ndani, karibu na moto. Wambeti hakumfukuza wala hakumkaribisha. Alimwekea chai kama anavyomwekea kila mtu. Simu yake iliegeshwa juu ya kopo la sukari, kioo kikitazama mlangoni.

Iliita mchana mmoja, wateja wakiwa wameondoka na pikapu za kwanza. Wambeti aliigonga kwa kidole chenye unga, akaweka spika.

"Mama."

"Mwanangu! Umekula?"

"Nimekula. Sishibi. Hapa hakuna anayeshiba, mama, na hakuna anayelala. Tumekaa tu kama bundi." Aliongea kwa kunong'ona, lakini ilikuwa sauti ya Mugambi, ile iliyokuwa ikiwatania wafungaji wa Hared. "Nimeokota hii simu, sijui ina moto kiasi gani. Nataka kukuuliza kitu, usiseme nimeshika wazimu. Kuna mtu hapa anaongea Kimeru."

Wambeti alimtazama Mwongera.

"Yuko chini ya udongo," Mugambi akaendelea. "Wenzangu wanamsikia, wanapiga ishara ya msalaba, ila hawaelewi anachosema. Mimi naelewa. Ananiita jina. Anasema rudi. Nani amewafundisha hawa watu Kimeru?"

Mwongera akainamia simu. "Mugambi. Ni mimi. Mwongera wa kisima."

"Mzee? Uko wapi?"

"Niko Maua. Niko hapa kwa mama yako."

"Hapana," Mugambi akanong'ona. "Uko hapa. Uko mbele yangu, kwenye kona ya handaki. Nakusikia ukiongea sasa hivi."

Nao wakasikia. Ilitoka kwenye spika, nyuma ya pumzi za Mugambi: sauti ya mzee, nzito, iliyojaa, ile iliyowahi kujaza kibanda hiki siku ya mzaha wa Kinoti. Ilikuwa inasema Kimeru, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Wambeti alisogeza kigoda chake mbali na mtu aliyeketi naye.

"Mwambie anyamaze," Mugambi akasema. "Tafadhali, mzee. Jiambie unyamaze."

"Siwezi. Nisikilize. Sauti hiyo inaelekea wapi?"

"Mbele. Kwa wale. Lakini nikienda mbele wale watanipiga, na nikirudi nyuma hawa wetu watanipiga."

Mwongera alifumba macho. Alikuwa amesema mpaka arudi, na hakuwahi kufikiri kurudi ni upande gani kwa mtu ambaye nyuma yake pia kuna bunduki. "Weka bunduki yako chini," akasema, akilazimisha kila neno litoke. "Iweke chini kabisa. Halafu ifuate sauti."

Wakasikia chuma kikigusa tope. Wakasikia mtu akipanda ukuta wa udongo, akiteleza, akipanda tena. Kisha ni hatua tu, na ile sauti mbele ya hatua, ikienda, ikiita, isiyogeuka. Wambeti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Chai ilichemka ikamwagika motoni, na hakuna aliyeiangalia.

Sauti ya mzee ikakoma.

Mtu alipiga kelele kwa lugha ya kigeni. Hatua zikasimama. Kulikuwa na mlio mdogo wa chuma, ule wa bunduki inayotayarishwa. Kisha yule yule aliyepiga kelele akauliza, kwa Kiswahili kinachochechemea:

"Mwongera? Ndugu? Nimesikia sauti yako. Ni wewe?"

Mugambi aliuleta mdomo karibu na simu. "Mzee, niseme nini? Ananiona kama kivuli tu, kuna moshi. Ana bunduki."

Mwongera aliona jambo lote mbele yake kama anavyoona kiganja chake. Ndugu wa gichiaro hadhuriwi. Ndugu wa gichiaro hadanganywi. Mtu aliyesimama kule alikuwa na haki ya kuuliza na haki ya kuambiwa kweli, naye alikuwa ameahidi mlango kwa mtu mmoja tu duniani. Na Wambeti alikuwa anamtazama. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama tu, kama mtu anayetazama mizani.

"Sema ndiyo," Mwongera akasema. "Sema ni mimi, Mwongera."

"Ndiyo," Mugambi akaita katika moshi. Sauti yake ilikatika, akaanza upya. "Ni mimi. Ni mimi, Mwongera."

Ikapita pumzi, na nyingine.

"Njoo, ndugu," Adrian akasema. Ilisikika kama analia. "Njoo polepole. Mlango wazi."

Simu ikakatika.

Wambeti alipiga magoti kati ya masufuria yake, akamshukuru Mungu kwa Kimbeere, lugha ya utoto wake, maneno yakikimbizana. Mwongera alimwacha amalize. Aliitoa chai motoni, akafuta iliyomwagika. Kisha akachukua kigoda, akatoka nacho nje, akapita mwisho wa kivuli cha kibanda, akapita meza za wauza miraa, mpaka pale palipokuwa wazi pasipo na nyumba ya mtu wala mtu. Akakiweka pale, akaketi akiitazama barabara, ili jambo lake litakapokuja limkute peke yake.